Kosa la kiwandani au uharibifu wa mtaani: namna ya kukagua sarafu

Sarafu nyingi zinazouzwa Ngamiani hapa Tanga kwa madai kwamba "zina kosa" hazina kosa lolote. Zimeumia. Zimelazwa juu ya reli, zimekaa miaka kwenye mchanga wa chumvi, au sonara alizifanya vidani kisha akazibandua. Kosa la kweli ni lile lililotokea kabla sarafu haijapigwa chapa au wakati inapigwa. Lililotokea baadaye ni uharibifu, hata liwe la ajabu namna gani, na mnunuzi anayejua hatakuongezea bei kwa ajili yake.

Kiwandani, kipande tupu cha mviringo hukatwa kwenye bati, huwekwa ndani ya pete ya chuma, kisha hubanwa kati ya chapa mbili, yaani vyuma vilivyochongwa picha na maandishi, ya juu na ya chini. Kwa mgandamizo huo madini hutiririka yakajaza mashimo ya chapa, na pete huyazuia yasitawanyike. Kwa hiyo mbele ya kila kasoro jiulize: madini yamekwenda wapi? Chapa huyafanya yajae. Mtaani husukumwa kando au huondolewa kabisa.

Tafuta lenzi inayokuza mara 10, taa moja ya kumulika kwa ubavu, sumaku, mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, na sarafu nne au tano nzima za aina ileile za kulinganishia. Ishike ukingoni. Usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno, maana ushahidi wenyewe uko kwenye ngozi ya sarafu.

Anza na mizani. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, na shilingi ya fedha ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ina karibu 7.78. Iliyochakaa mikononi hupungua kidogo tu. Ukikuta imepungua sana, imekuwa nyembamba na herufi zimekonda pande zote mbili kwa usawa, hiyo imeliwa na asidi ya betri au na bahari. Iliyopitiwa na treni uzito wake haubadiliki sana, ila imetanuka na herufi zimelala bapa. Sarafu iliyopigwa bila pete nayo hutanuka, lakini maandishi yake hubaki na sura yake na ukingo huwa laini, bila meno.

Kisha mulika kwa ubavu. Mstari uliovimba juu ya uso, mwembamba, unaopita juu ya herufi na kuendelea ng'ambo ya pili, ni alama ya chapa iliyopasuka. Mkwaruzo ni kinyume chake: umezama, na kandokando yake madini yamejikusanya kama tuta la jembe. Donge lililoungana na ukingo linaweza kuwa chapa iliyomeguka. Geuza sarafu utazame mahali palepale upande wa pili. Mara nyingi maandishi yatakuwa hafifu, kwa sababu madini hayakupata kitu cha kuyakinza.

Kwa sarafu iliyokatika pembeni, usikodolee pengo peke yake. Tazama ukingo ulio mkabala nalo. Pengo lililokuwapo kabla ya kupigwa chapa kwa kawaida huacha ukingo wa mkabala ukiwa dhaifu au umefifia, na herufi zilizo karibu na pengo hufifia zikilielekea. Msumeno na tupa haviachi dalili hizo: herufi hukatwa ghafla, na lenzi itaonyesha mikwaruzo sambamba.

Pwani yetu matundu ndiyo yanayodanganya zaidi. Hela (sarafu ndogo za Mjerumani) 5 za 1913 na 1914, hela 10, na senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki, zina tundu katikati lililotobolewa kabla ya chapa. Tundu lililokwenda upande kiwandani huwa na midomo iliyolainika, kwa sababu mgandamizo wa chapa uliifikia. La keekee lina makali, mabaki yaliyojikunja, na mara nyingine mikwaruzo ya mzunguko wa keekee ndani yake. Ukiambiwa "haikutobolewa", tafuta mshono wa duara pale katikati na rangi ya risasi ya kuchomelea, kisha igonge usikie: iliyozibwa hutoa sauti butu.

Hela 20 za Tabora za 1916, zenye herufi T, zinahitaji subira ya pekee. Zilitengenezwa wakati wa vita, nyingine kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba ya njano, kwa hiyo uso mkavu na chapa dhaifu ni hali yake ya kawaida. Tena ile ya njano ikilala kwenye maji ya chumvi hupoteza zinki ikawa nyekundu. Usiilipie kama nyekundu kabla ya kukagua ukingo na sehemu zilizoinuka, ambako unjano hubaki.

Picha ya kinyume iliyozama hutokea kiwandani sarafu iliyotangulia ikinasa kwenye chapa. Jiriwa, kifaa cha kubania vyuma, huigiza jambo hilo kwa kubana sarafu mbili pamoja, lakini hapo herufi halisi za upande huohuo huonekana zimepondwa chini ya ile picha.

Shilingi 500 ya 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku huinasa. Hewa ya chumvi ikipenya kwenye mkwaruzo, kutu huvimba chini ya nikeli ikainua lengelenge. Litambue kwa doa la kahawia au kitundu kidogo; donge la chapa lina mng'ao uleule wa sehemu nyingine.

Ukishakagua, piga picha pande zote mbili na ukingo, andika uzito, uihifadhi kwenye bahasha ya karatasi kavu. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa ute wa kijani unaokula shaba.