Usichome mabua: moshi wa shambani unavyorudi kwenye maharage, mvua na mfuko wa mbolea

Kati ya Januari na mwanzo wa masika, kwenye tambarare za chini ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Kahe na Mabogini hadi Bomang'ombe, utaona moshi ukipanda hapa na pale tangu asubuhi. Ni mabua ya mahindi ya msimu uliopita, majani ya mpunga na magugu yaliyokusanywa pembeni. Mkulima anataka shamba liwe safi kabla trekta halijafika, na kiberiti ni nafuu kuliko kibarua. Sababu hiyo naielewa. Hata hivyo naandika kukuomba uache kuchoma, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kinachotokea hewani, kwa sababu mkulima aliyeelewa sababu habadiliki kwa kuogopa faini. Hubadilika kwa hesabu zake mwenyewe.

Moshi wa shamba umebeba makundi mawili ya vitu. La kwanza ni chembechembe: masizi, majivu mepesi na vitone vidogo mno vya mafuta ya mimea. Wataalamu wa hali ya hewa huziita erosoli. Zinazoogopwa zaidi hazizidi maikromita 2.5 kwa upana, wakati unywele mmoja wa binadamu hufika takriban maikromita 70. Kwa udogo huo hazitui haraka. Huelea siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, mpaka mvua izioshe, na mtu akizivuta hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kundi la pili ni gesi: kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na mvuke wa mimea iliyoungua nusunusu. Gesi hizi zikikutana na jua kali la mchana huzaa ozoni.

Hapo wakulima huuliza: si tulifundishwa kwamba ozoni ni nzuri? Ni gesi ileile. Kinachotofautiana ni mahali ilipo. Iliyo juu, kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, ni kama mwavuli unaotukinga na mionzi mikali ya jua. Tabaka hilo lilidhuriwa na gesi zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba limepungua vibaya juu ya Antaktika, na tarehe 16 Septemba 1987 ikasainiwa Itifaki ya Montreal ya kuziondoa gesi hizo sokoni. Kilimo nacho kiliguswa. Methili bromaidi, dawa ya kufukiza udongo na maghala ambayo wakulima wa maua duniani waliitegemea sana, iliwekwa kwenye orodha, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015 kuiacha, isipokuwa kwa kufukiza mizigo ya karantini na inayosafirishwa nje. Tabaka la juu sasa linapona, ingawa polepole.

Ozoni ya chini, tunayoivuta na inayogusa mazao, haina faida yoyote kwa mkulima. Huingia kupitia matundu madogo ya jani, yaleyale yanayopitisha hewa ukaa. Ikishaingia huunguza chembe hai za jani, jani likazeeka kabla ya wakati wake, mmea ukatengeneza chakula kidogo na maganda yakajaa nusu. Mahindi huvumilia kiasi. Maharage, soya na ngano ni nyeti zaidi, na hayo ni mazao yetu: maharage yako karibu kila shamba, ngano iko Kilimanjaro Magharibi na Monduli.

Geuza jani kabla ya kwenda dukani

Jani la maharage lililodhuriwa na ozoni huonyesha vitone vidogo vya rangi ya shaba au kahawia upande wa juu, katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Huanza na majani makongwe ya chini. Lakini usihukumu kwa kuangalia juu tu. Geuza jani. Ukikuta utando mwembamba na wadudu wadogo wanaotembea, huo ni utitiri. Sugua kwa kidole: kidole kikitoka na unga wa rangi ya kutu, ni ugonjwa wa kutu, na tiba yake ni nyingine. Kama huoni mdudu wala unga, na siku zilizopita zilikuwa za jua kali na hewa yenye ukungu wa moshi, basi ozoni iweke kwenye orodha ya watuhumiwa, kisha umwite afisa ugani aone mwenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hukimbilia kupulizia dawa ya ukungu. Jani lililoungua kwa ozoni halitibiki kwa dawa ya ukungu. Ni fedha na sumu unazomwaga bure.

Mlima Kilimanjaro nao unachangia. Mchana jua likipasha miteremko, hewa ya tambarare hupanda kuelekea juu. Usiku hewa baridi hushuka. Kwa hiyo anayechoma Mabogini saa tano asubuhi huupandisha moshi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya mlimani, vya Kibosho na Old Moshi, kwenye migomba na kahawa, na mara nyingi kwenye nyumba za ndugu zake mwenyewe. Anayesubiri jioni akidhani upepo umetulia hufanya vibaya zaidi, maana hewa ya chini ikipoa hujifunga, na moshi hulala juu ya nyumba mpaka jua la kesho yake lipande. Watu wa Ngaramtoni na Usa River, chini ya Meru, wanaijua hali hiyo.

Kuhusu mvua na tabianchi, lazima tuseme ukweli bila kutia chumvi. Chembechembe nyeupe, hasa za salfeti, hurudisha mwanga wa jua angani na kupoza dunia. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 na kujaza chembechembe hizo angani, wastani wa joto la dunia ulishuka kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Masizi meusi hufanya kinyume chake: hufyonza jua na kupasha hewa. Na kila tone la wingu huanza kwa maji kushika chembe. Chembe zikizidi, maji yaleyale hugawanyika kuwa vitone vingi vidogo ambavyo huchelewa kuungana na kuanguka kama mvua. Hii haina maana kwamba jirani akichoma mabua atazuia masika. Masika huendeshwa na mifumo mikubwa ya upepo na joto la Bahari ya Hindi, ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa huitazama bahari kabla ya kutoa utabiri wa msimu. Wala si sahihi kusema moshi wa mashamba ndio uliomaliza barafu ya Kilimanjaro. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na wanasayansi hutaja zaidi ukavu wa hewa ya juu na ongezeko la joto. Lakini zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na sisi tumo.

Tena kuna habari njema ambayo wakulima hawaambiwi vya kutosha. Hewa ukaa ikishatoka hudumu hewani kwa karne nyingi. Masizi hudumu siku, na ozoni ya chini wiki chache. Kijiji kikiacha kuchoma msimu huu, hewa ya kijiji hicho inasafika msimu huuhuu.

Hesabu ya mabua

Tani moja ya mabua makavu ya mahindi ina takriban kilo 5 hadi 8 za nitrojeni. Ukichoma, karibu yote hupaa. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, kwa hiyo kila tani nne unazochoma ni kama mfuko mmoja mzima wa urea umeutia moto. Potasi na fosforasi hubaki kwenye majivu, lakini majivu hupeperushwa na upepo au kuoshwa na mvua ya kwanza. Na udongo unabaki mtupu. Angalia tambarare za Sanya na zile za kuelekea uwanja wa ndege wa KIA wakati wa kiangazi, vumbi linavyozunguka hadi juu: huo ni udongo wa shamba la mtu, na ukishafika hewani nao ni erosoli kama masizi.

Basi ufanye nini? Njia bora kwa Kilimanjaro iko tayari na ni ya zamani: mabua yapande mlimani kwa ng'ombe. Wafugaji wa vihambani wanaofuga zizini hukosa majani kiangazi na hufuata mabua kwa pikapu. Yakatwekatwe kwa panga au mashine, yanyunyiziwe molasi iliyochanganywa na maji, ng'ombe atakula sehemu kubwa na mabaki yataingia kwenye samadi. Majani ya mpunga ya Chekereni na Mabogini yafungwe marobota mapema, yakiwa hayajanyeshewa, maana yakishaota ukungu hayafai tena kulisha.

Usiuze yote. Bakiza ya kutosha kufunika angalau theluthi moja ya uso wa shamba. Lima kwa ripa, upasue mstari wa kupandia tu, mengine yabaki yamelala kama matandazo. Walio karibu na Karatu na Arumeru wanaopanda ngwara au mbaazi ndani ya mahindi wanapata faida zaidi, kwa kuwa mimea hiyo hufunika ardhi baada ya mahindi kuvunwa na huongeza nitrojeni. Kosa la kuepuka ni kufukia mabua mengi makavu kwa plau wiki moja kabla ya kupanda. Vijidudu vya udongo vitanyakua nitrojeni vikiyaozesha, na mahindi yako yatatoka ya njano. Yaache juu, au yafukie mapema sana, au yatengenezee mboji pamoja na samadi.

Najua hoja ya bungua wa mahindi, na ni hoja nzito. Viwavi wake hujificha ndani ya bua kavu kusubiri mvua, na kwa muda mrefu wakulima waliambiwa wachome. Kuna njia nyingine inayofanya kazi: mara baada ya kuvuna, kata mabua na uyalaze chini yaguswe na jua kali kwa wiki nne hivi. Joto huua viwavi wengi ndani. Bua lililosimama huwapa kivuli na maisha. Yale yanayokwenda kwa ng'ombe yakikatwakatwa, kazi inakuwa imekwisha. Kuhusu mahindi au migomba yenye ugonjwa mkali, fuata maelekezo ya afisa ugani wako. Ikiwa ataagiza mimea michache iteketezwe, iteketeze hiyo tu, ikiwa mikavu ili isitoe moshi mzito, na usichukulie kuwa ruhusa ya kuwasha shamba zima.

Mbolea ya kukuzia nayo ina sehemu yake hewani, na hapa wengi hawajui. Urea iliyomwagwa juu ya udongo hupotea kama amonia, gesi ya harufu kali ambayo hewani hugeuka kuwa chembechembe. Nitrojeni iliyozidi kwenye udongo uliolowa hugeuka kuwa nitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia takriban mara 270 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule, hudumu hewani zaidi ya miaka 100, na ikifika juu hula lile tabaka la ozoni tunalolihitaji. Kwa hiyo gawa mbolea mara mbili, ya kwanza mahindi yakifika magotini na ya pili kabla hayajatoa mbelewele. Pima kwa kifuniko cha soda, weka umbali wa vidole vinne kutoka kwenye shina, fukia. Shamba likiwa limetuama maji, subiri yapungue.

Jikoni sina mengi ya kusema, ila hili: kuni mbichi kwenye mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha humfanya mama avute kila siku moshi tunaolalamikia shambani. Mwenye ng'ombe wawili watatu zizini afikirie bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi cha ng'ombe. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, imekuwa ikijenga mitambo hiyo kwa miaka mingi, na tope linalobaki ni mbolea nzuri ya migomba. Asiye na ng'ombe atumie kuni zilizokauka vizuri na jiko banifu.

Kwa anayetaka kuanza msimu huu, kazi ya kwanza ni ya simu. Kabla hujavuna, tafuta mfugaji wa mlimani, kubalianeni atachukua mabua ya ekari ngapi, nani analipia pikapu, na kama utalipwa fedha au samadi. Ukiweza chagua samadi, ije kwa gari lilelile linalokuja kupakia mabua.