Landrova ya zamani yenye injini ya Toyota: pedeli ya mafuta ikikataa kuelewana na kabureta

Hii ni kwa wenye Landrova Series 3 au za nyuma yake ambazo injini ya asili, ile ya petroli ya 2286cc, imeshatolewa na ndani imekaa Toyota, iwe 5K au 22R ya petroli au 3L ya dizeli. Mafundi wetu kupachika injini hawana mpinzani, mauntini zitachomelewa, propela shafti itakatwa na kuungwa, gari itawaka, watu watafurahi, afu waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye kabureta inayochanganya petroli na hewa, ndo unafungwa wa mwisho kabisa magharibi ishaingia, tena kwa kipande cha waya wa kufungia nondo. Basi mwenye gari anabaki na sailensa (yani mwendo wa injini mguu ukiwa juu) isiyotulia, pedeli nzito, au gari inayorukaruka kila akiachia klachi.

Kabla hujanunua kitu, jua kwanza ugonjwa uko upande gani. Zima injini, chomoa waya au kijiti pale kwenye mkono wa kabureta, afu usukume ule mkono kwa kidole mpaka mwisho na uachie. Ukirudi wenyewe kwa nguvu na kugonga "tak", kabureta yako nzima, tatizo liko kwenye waya au pedeli. Ukirudi kivivu au ukanasa katikati, hata ubadilishe waya mara ngapi hutopona, safisha kabureta na utazame kama shafti yake imelika. Na kama sailensa iko juu asubuhi tu, injini ikipata moto inashuka, hiyo ni choki, ile ya kuwashia injini ya baridi, usiilaumu pedeli bure.

Sasa tuje kwenye chanzo. Landrova ya asili haikuwa na waya, ina vijiti vya chuma na vijointi vidogo vya duara kutoka kwenye pedeli mpaka kabureta, na vile vijiti vilipimwa kwa injini yake. Toyota ikiingia kabureta inakaa pengine kabisa, kwa hiyo watu wanavipinda na kuviunga vile vijiti mpaka vifike. Vitafika, lakini tazama kinachotokea: pedeli imefungwa kwenye bodi na bodi haitikisiki, injini imekaa juu ya mipira na kila ukiachia klachi inajipinda upande mmoja. Ikijipinda inakivuta kijiti, kijiti kinafungua mafuta, injini inazidi nguvu inajipinda zaidi, afu inarudi na mafuta yanakata, na hapo ndo gari inaanza kurukaruka na dereva analaumiwa hajui klachi. Mie ushauri wangu ni mmoja tu, vitoe vijiti vyote weka kebo.

Tafuta kebo ya eksileta ya Toyota, ya Hiace au Hilux inatosha, ile yenye plastiki ndani ya ganda. Ya baskeli achana nayo, kwa chumvi hii ya bahari inakula kutu kabla hujaizoea. Pima urefu kwa kamba kwanza, kamba ipite njia ile ile itakayopita kebo, isikunjwe kona kali popote na ikae mbali na bomba la moshi, angalau shubiri moja.

Hapa ndo pa kushika: ganda la nje la kebo, upande wa kabureta, lazima lifungwe kwenye INJINI. Sio kwenye ukuta wa kebini wala kwenye matgadi. Kata kipande cha bapa la chuma la milimita 3, kifunge kwa bolti za manifoldi au za kabureta yenyewe, toboa tundu la kushikia ganda, na lile tundu liwe limenyooka na mkono wa kabureta, kebo isivute kwa pembeni. Ukifunga hivo injini ijipinde itakavyo, ganda na mkono vinatembea pamoja na mafuta hayabadiliki.

Baada ya hapo kuna hesabu kidogo, ndogo kweli. Pima mkono wa kabureta unavuta kiasi gani kutoka kufunga mpaka kufungua kote, tuseme milimita 35. Pima unyayo wa pedeli unashuka kiasi gani, tuseme 90, na kutoka unyayo mpaka kwenye pini inapozungukia ni 200. Basi 200 mara 35 gawa kwa 90, unapata kama 78. Tundu la kebo litobolewe kwenye mkono wa pedeli, milimita 78 kutoka kwenye pini, upande wa juu. Ukilisogeza juu zaidi pedeli inakuwa kali, ukigusa tu gari inachomoka, na inakuwa nzito pia. Ukilishusha chini, utakanyaga mpaka sakafuni na kabureta haijafunguka nusu, afu mtu anasema injini haina nguvu kwenye mlima. Ndo ugonjwa ninaouona sana huo.

Weka na bolti ya kuzuia chini ya pedeli, pedeli iikanyage pale pale kabureta inapomaliza kufunguka. Bila hiyo mguu wote unaning'inia kwenye kebo na inakatika. Mguu ukiwa juu, acha ulegevu wa milimita 2 hivi, sailensa ishikwe na skrubu yake, isishikwe na kebo.

Springi ziwe mbili, moja kwenye kabureta na moja kwenye pedeli, na kila moja iweze kufunga peke yake mwenzake akikatika. Mpira wa tyubu hapana jamani, ukipata joto unalegea na siku hiyo utakuwa unateremkia Mkoani kule Pemba. Ikinasa ukiwa barabarani, kanyaga klachi, toa gia, zima swichi hatua moja tu ili usukani usijifunge.

Wa 3L ya dizeli hana kabureta, mkono uko kwenye pampu ya dizeli, mambo ni yale yale, ila ile skrubu yenye lakiri ya mwisho wa mwendo usiiguse.

Na kuna hili watu wengi hawalijui. Injini ikibadilishwa, waya wa ethi kutoka injini kwenda chesisi mara nyingi unasahauliwa. Ukipiga stata umeme unatafuta njia nyengine ya kurudi kwenye betri, na mojawapo ya zilizobaki ni kebo yako ya mafuta. Inapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, kebo inaganda, unanunua nyengine nayo inakwenda vile vile na mwenye duka unamwita mwizi. Shika kebo baada ya kupiga stata, ikiwa ya moto ushajua. Mwenye mita aweke waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwengine kwenye bloku, apige stata, ikizidi nusu volti funga ethi mpya nene na usugue rangi pale inapokaa.

Ukimaliza kila kitu, injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedeli mpaka mwisho na wee chungulia kabureta bila kifuniko cha hewa. Kipepeo, kile kisahani cha kupitisha hewa, cha tundu la kwanza lazima kisimame wima. Cha tundu la pili kikibaki kimefungwa usiingie wasiwasi, baadhi ya kabureta kinafunguliwa na mvuto wa hewa injini ikiwa inafanya kazi. Zungusha usukani kulia na kushoto uone kama kebo inaguswa, rudisha mkeka wa sakafuni mahali pake ukanyage tena, manake mikeka nayo inanasa pedeli.

Endesha wiki moja afu kaza tena, ganda jipya huwa linajikalia. Kebo yenye plastiki ndani usiitie oili wala grisi, inakamata vumbi. Ile isiyo na plastiki, kata kidole cha glavu, kifunge juu ya ganda, tia oili nyepesi uiache ishuke usiku kucha.