Kurekebisha Mkazo wa Uzi kwenye Cherehani ya Kushonea Ngozi

Mshono wa cherehani hufanywa na nyuzi mbili, wa juu unaopita kwenye sindano na wa chini unaotoka kwenye bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini ya sindano, nazo hushikana kwa kifundo kidogo ambacho hutakiwa kujificha katikati ya unene wa kile kinachoshonwa. Kwenye kitambaa, kifundo kikisogea kidogo kwenda juu au chini, kitambaa chenyewe hufunika dosari hiyo. Ngozi haina ulaini huo. Sindano huacha humo tundu la kudumu lenye kingo imara, na kifundo ama kimo ndani ya tundu ama kimechomoza nje mbele ya macho ya kila mtu. Ndiyo maana fundi wa ngozi, kabla hajagusa nati yoyote ya kurekebishia mkazo, anapaswa kwanza kujiuliza kama unene wa ngozi na ukubwa wa tundu vinatosha kukificha kifundo, kwa sababu visipotosha hakuna mkazo wowote utakaomsaidia.

Hesabu yake si ngumu. Unene wa uzi hutajwa kwa namba ya Tex, na namba ikiwa kubwa uzi ni mnene zaidi. Uzi wa nailoni au wa poliesta wa Tex 70 una kipenyo cha takriban milimita 0.3, wa Tex 135 takriban milimita 0.4, na wa Tex 270 takriban milimita 0.6. Mahali nyuzi mbili zinaposhikana huhitaji nafasi isiyopungua unene wa zote mbili, yaani kama milimita 1.2 kwa uzi wa Tex 270. Vipande viwili vya ngozi vyenye unene wa jumla wa milimita 1.5 havina pa kukiweka kifundo kama hicho, na fundi atashinda akikaza na kulegeza huku kifundo kikitokeza leo juu na kesho chini. Kwa kazi nyembamba kama pochi, Tex 70 inatosha. Kwa mikoba na kazi nyingi za unene wa wastani, Tex 135 ndiyo ningeichagua kwanza. Uzi mnene hupendeza kwa mbali, lakini uwekwe kwenye mikanda na vitu vizito vinavyoustahili.

Sindano nayo huchaguliwa kwa kufuata uzi. Namba ya sindano kwa kipimo cha metriki ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita, hivyo sindano ya 140 ina milimita 1.4. Tex 70 huenda vizuri na sindano ya 100 au 110, Tex 135 na ya 140, au ya 160 ngozi ikiwa ngumu, na Tex 270 huhitaji ya 200 hivi. Sindano ikiwa ndogo mno, tundu hubana na kifundo hukataa kupanda, na mtu huona uzi wa juu kana kwamba umelegea. Huukaza, kisha huukaza tena, mpaka uzi unaanza kuchanika kwenye tundu la sindano. Katika hali hiyo sindano ya ukubwa unaofuata huponya tatizo lililoonekana kuwa la mkazo. Kwa upande mwingine, ukiona uzi mnene unapendeza juu lakini ngozi haina nafasi ya kutosha, unaweza kuweka kwenye bobini uzi mwembamba kwa daraja moja, kwani hilo hupunguza ukubwa wa kifundo bila kubadili sura ya upande wa mbele.

Sasa fuata njia nzima ya uzi kuanzia kwenye koni. Kipete cha kupitishia uzi kinapaswa kuwa juu kabisa ya kitovu cha koni, ili uzi uinuke wima bila kusugua ukingo. Kikiwa pembeni, uzi huvutika kwa kushtukashtuka na mkazo hubadilika katika kila mzunguko. Visahani viwili vinavyobana uzi wa juu, ambavyo nati ya mkazo huvikaza au kuvilegeza, visafishwe, kwa sababu nta na vumbi la uzi hujikusanya kati yake na kuvizuia kufunga sawasawa. Kipande cha kitambaa kikavu kinachopitishwa huku na huku kinatosha. Kumbuka pia kwamba visahani hivyo huachana mguu wa cherehani unapoinuliwa. Uzi upitishe mguu ukiwa juu, ili uingie mpaka ndani kati ya visahani, lakini mkazo upime mguu ukiwa chini, la sivyo utakuwa unapima kitu ambacho hakipo.

Anza na bobini. Sababu ni kwamba uzi wa chini ndio msingi ambao uzi wa juu hushindana nao, na mtu akirekebisha vyote viwili kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilicholeta badiliko. Bobini ijazwe kwa mkazo wa wastani, nyuzi zilale sambamba, kwani iliyojazwa kiholela huvuta kwa nguvu tofauti kadiri inavyokwisha. Kikasha chake kina springi bapa inayoukandamiza uzi, na kwa kawaida springi hiyo ina skrubu mbili: moja huishikilia tu, nyingine iliyo karibu na katikati yake ndiyo hurekebisha mkazo. Kabla ya kuizungusha, pitisha ncha ya karatasi nyembamba chini ya springi uondoe kipande chochote cha uzi kilichonasa, maana chembe ndogo tu huiinua springi na kuulegeza uzi wote. Kisha zungusha skrubu kidogo kidogo, si zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja, na baada ya kila hatua vuta uzi kwa mkono.

Wapo wanaopima kwa kuning'iniza kikasha kwenye uzi wake na kutazama kinavyoshuka. Kipimo hicho kinafaa kwa nyuzi nyembamba za nguo. Kwa nyuzi nene za ngozi hakina maana kubwa, na katika cherehani nyingi za viwandani, mfano Juki DNU-1541 au Consew 206RB, kikasha hubaki ndani ya mashine na hakitolewi kila bobini inapobadilishwa. Tumia mkono wako: uzi wa bobini utoke kwa ukinzani unaoeleweka na ulio sawa mwanzo hadi mwisho, usiteleze kama hauna kizuizi wala usilazimishe vidole kuukamata kwa nguvu. Ukishaupata, uache. Kuanzia hapo marekebisho ya kila kazi hufanywa kwa uzi wa juu, na bobini hurudiwa pale tu unapobadili unene wa uzi.

Kwa majaribio, weka rangi mbili tofauti juu na chini, za aina moja na unene mmoja, na ushone kwenye mabaki ya ngozi ileile, yenye idadi ileile ya matabaka na gundi ileile kama kazi yenyewe. Shona kwa kasi utakayotumia kazini, kwa sababu kasi hubadili jinsi uzi unavyovutwa, na shikilia ncha zote mbili za nyuzi kwa mishono michache ya mwanzo ili zisisokotane chini ya bamba la sindano. Halafu geuza kipande ukitazame. Uzi wa chini ukionekana kama vitone upande wa juu, uzi wa juu umekazwa kupita kiasi, hivyo ulegeze. Uzi wa juu ukionekana upande wa chini, ukaze. Vitanzi vikubwa vilivyojirundika chini karibu siku zote hutokana na uzi wa juu uliotoka kati ya visahani, wala si kosa la bobini, ingawa macho humwelekeza mtu kwenye bobini. Kwa kuwa ngozi ni nzito na huficha mambo, kata kipande cha majaribio kwa kisu kikali kandokando ya mstari wa mshono na uangalie kifundo kimekaa wapi ndani yake. Hakuna njia nyingine inayosema ukweli kwa uwazi huo.

Jihadhari usiridhike na usawa unaopatikana kwa kukaza pande zote mbili kupindukia. Kifundo kinaweza kukaa katikati barabara huku nyuzi zikiwa zimevutwa mno. Nailoni hutanuka, na baada ya mshono kumalizika hurudi nyuma na kuikunja ngozi laini. Tena uzi uliovutwa hivyo huzama na kuikata ngozi kati ya tundu na tundu, hasa mishono ikiwa mifupi. Mkazo unaofaa ni ule mdogo kuliko yote unaokiweka kifundo mahali pake na kuufanya uzi ulale bapa.

Unene unapobadilika ndani ya kazi moja, kwa mfano pale mfuko unapoungana na kamba ya bega, kifundo nacho husogea, kwa sababu uzi wa juu unasafiri mbali zaidi ndani ya ngozi. Rekebisha kwa sehemu inayoonekana zaidi na ukubali tofauti ndogo kwingineko, au, kama ngozi inaruhusu, punguza unene wa kingo kwa kisu kabla ya kushona. Kwenye kona, simamisha sindano ikiwa imefika chini na kuanza kupanda kidogo, ili ndoano, yaani kile kinachozunguka chini na kuukamata uzi wa juu, iwe tayari imekamata kitanzi, ndipo uinue mguu na kuigeuza kazi. Ukigeuza mapema, mshono wa kona huruka.

Kuna springi nyingine nyembamba iliyo kando ya visahani, ambayo huchukua ulegevu wa uzi sindano inaposhuka. Izungushie gurudumu la mkono polepole na uitazame: inapaswa kumaliza mwendo wake takriban wakati ncha ya sindano inapogusa ngozi. Ikimaliza mapema, uzi uliolegea unaweza kuchomwa na sindano yenyewe. Ikichelewa sana, huinyima ndoano kitanzi.

Mishono inayoruka bila mpangilio mara chache huwa tatizo la mkazo. Tazama kwanza kama ngozi inainuka pamoja na sindano inapopanda. Ikiinuka, ongeza nguvu ya mguu unaoikandamiza. Kisha badili sindano, uhakikishe imeingia mpaka mwisho na imeelekezwa ipasavyo. Mishono ikiendelea kuruka baada ya hapo, rudisha nati za mkazo zilipokuwa na ukague mpangilio wa wakati kati ya sindano na ndoano.