Kabla ya Kununua Chatu: Namna ya Kujua Sheria Inakuruhusu Kufuga Nini

Chatu wa Burma akitoka kwenye yai ana urefu wa kama nusu mita na anajikunja akaenea kwenye kiganja. Akishiba vizuri anaweza kuvuka mita 2 kabla hajatimiza mwaka, na akikomaa hufika mita 3 hadi 5. Sheria nyingi zimeandikwa kwa kumfikiria huyo mkubwa, si mdogo aliyeko dukani. Hapo ndipo wanunuzi hunaswa: mtu anamchukua kihalali leo mnyama ambaye baada ya mwaka mmoja au miwili atadai kibali asichoweza kukipata.

Mwongozo huu unahusu nyoka wakubwa wanaoua kwa kubana: chatu wa Burma na wa India, chatu wa Afrika (Python sebae na Python natalensis), chatu mrefu wa Asia, anakonda, na boa. Kazi yote iliyoelezwa hapa ifanywe kabla ya kutoa pesa. Ikifanywa baada ya hapo, mara nyingi huwa ni kutafuta namna ya kumtoa nyoka, si kumfuga.

Anza na jina la kisayansi

Sheria haijali rangi. Chatu wa Burma mweupe mwenye macho mekundu na yule wa kawaida mwenye mabaka ya kahawia wote ni Python bivittatus, hata kama dukani kila mmoja ana jina lake la kibiashara na bei yake. Mwambie muuzaji aandike jina la kisayansi kwenye risiti. Asiyeweza kuliandika, achana naye.

Jina lenyewe lina mitego. Wanasayansi hubadilisha majina huku sheria zikibaki na ya zamani. Chatu mrefu wa Asia utamkuta kama Python reticulatus, Broghammerus reticulatus au Malayopython reticulatus, na ni mnyama yuleyule. Unapopekua orodha ya sheria, tafuta majina yote, la sivyo utajiridhisha kwamba hayumo kumbe yumo.

Chatu wa Burma naye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa nususpishi ya chatu wa India, akiitwa Python molurus bivittatus. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, chatu wa India halisi (Python molurus molurus) yumo Kiambatisho I, chenye masharti makali kuliko vyote, ilhali wa Burma yumo Kiambatisho II. Hati iliyoandikwa "Python molurus" tu inamwachia ofisa wa forodha nafasi ya kudhani kwamba ni yule wa kwanza. Irudishe isahihishwe kabla hujalipa.

Machotara nao wasikudanganye. Kanuni za serikali kuu ya Marekani kuhusu nyoka hawa zinawataja machotara na mayai pia, kwa hiyo kuchanganya damu hakumwondoi mnyama kwenye orodha.

Tambua mtindo wa sheria yako

Ukishajua mtindo wa sheria, utajua cha kutafuta ndani yake.

Kuna marufuku kamili. New Zealand hairuhusu nyoka wa aina yoyote, hata kwenye bustani za wanyama. Hawaii vilevile ni kosa kumiliki nyoka kama kipenzi, na adhabu yake inaweza kufika faini ya dola 200,000 na kifungo cha miaka 3. Mahali kama hapo hakuna fomu ya kujaza.

Kuna orodha ya walioruhusiwa, ambapo kila asiyetajwa amekatazwa. Norwe ilikuwa imepiga marufuku reptilia wa kufugwa kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 2017 ikafungulia spishi 19 tu. Kwenye mfumo huu, ukimya wa sheria ni katazo, na watu waliozoea mifumo mingine husoma kinyume chake.

Kuna orodha ya waliokatazwa au wanaohitaji kibali, huku wengine wote wakiwa huru. Huu ndio umeenea zaidi. Texas hudai kibali kwa chatu wa Afrika, chatu wa Asia na anakonda wa kijani. Florida ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2021 iliwahamishia chatu wa Burma, chatu mrefu wa Asia na anakonda wa kijani, pamoja na wengine, kwenye orodha ya waliopigwa marufuku. Sababu inajulikana. Chatu wa Burma wamezaliana porini katika kinamasi cha Everglades na kuwamaliza wanyama wadogo wa huko, na hakuna aliyefanikiwa kuwaondoa.

Mwisho kuna sheria inayofuata urefu, na hii inahitaji umakini wa pekee. Ohio, katika sheria yake ya mwaka 2012, inawabana chatu wakubwa na anakonda wanapofikia futi 12, yaani kama mita 3.66. Chini ya hapo mnyama yuko huru kwa upande wa sheria hiyo. Siku anapovuka, mmiliki yuko chini ya masharti mapya, na nyoka hasubiri fomu ijazwe.

Usidhani pia kwamba sheria ya "wanyama hatari" lazima iwaguse chatu. Sheria ya Wanyama Hatari ya Uingereza ya mwaka 1976 inadai leseni kwa nyoka wengi wenye sumu, lakini chatu, boa na anakonda hawamo kwenye jedwali lake. Wanaolindwa huko ni wanyama wenyewe, kupitia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006: kumfuga nyoka wa mita 5 kwenye kizimba cha mita 1 kunaweza kukufikisha mahakamani bila leseni yoyote kuhusika.

Kupima bila kubishaniwa

Kama sheria yako inafuata urefu, usimnyooshe nyoka kwa nguvu. Misuli yake itapingana nawe, kipimo kitakuwa cha uongo na unaweza kumuumiza. Mwache alale ametulia, pitisha uzi laini juu ya uti wa mgongo kuanzia ncha ya pua hadi ncha ya mkia ukifuata kila pindo, kisha pima uzi. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Njia nyingine ni kumpiga picha kutoka juu moja kwa moja akiwa kando ya rula iliyolala sakafuni, halafu kufuata mstari wa mgongo kwenye picha kwa programu ya kupimia.

Gamba alilojivua si ushahidi wa urefu. Hutanuka linapotoka, na huwa refu kuliko mwenyewe kwa kiasi cha kuonekana. Wapo walioripoti chatu amevuka kikomo kwa kupima gamba, wakajiletea ukaguzi bure. Andika kila kipimo na tarehe yake. Anapobakiwa na kama nusu mita kufikia kikomo, omba kibali, usingoje afike.

Shuka ngazi zote

Kibali cha taifa hakifuti katazo la mji. Anza juu: mkataba wa kimataifa, sheria ya nchi, ya jimbo au mkoa, sheria ndogo za mji, kisha mkataba wa pango na bima. Ngazi mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika, nazo ndizo zinazowatoa watu nyumbani. Mwenye nyumba aliyeandika "hakuna wanyama hatari" hana haja ya kuthibitisha hatari hiyo mbele ya hakimu wa wanyamapori, mkataba unamtosha. Bima ya nyumba nayo inaweza kuwatoa kwa jina wanyama wa kigeni, na hapo madhara kwa jirani yatalipwa mfukoni mwako.

Ngazi hizi zinaweza kugongana kwa namna ya kushangaza. Mwaka 2012 serikali kuu ya Marekani iliwaorodhesha chatu wa Burma na wa India, chatu wawili wa Afrika na anakonda wa manjano kuwa wanyamapori waharibifu chini ya sheria iitwayo Lacey Act. Mwaka 2015 ikaongeza chatu mrefu wa Asia na anakonda wengine watatu. Wafugaji wakaelewa kwamba hawawezi kuvuka mpaka wa jimbo nao. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliamua kuwa sheria hiyo haikatazi kuwasafirisha kati ya majimbo 49 ya bara. Kuwaingiza nchini kulibaki marufuku, na majimbo yakabaki na sheria zao. Anayesoma habari za 2012 peke yake anakosea, na anayesikia habari za 2017 peke yake akadhani mlango umefunguliwa wote anakosea zaidi. Boa wa kawaida hakuwahi kuingizwa kwenye orodha hiyo, ingawa alipendekezwa.

Unapouliza ofisini, uliza kwa maandishi: taja jina la kisayansi, urefu wa sasa na wa utu uzima, anwani atakapofugwa, na kama utazalisha au kuuza. Jibu la simu halina maana siku ya ukaguzi. Kama kuna wanyama wa asili ya nchi hiyo kwenye swali lako, sema hivyo waziwazi, kwa sababu katika nchi nyingi mnyamapori ni mali ya umma na kumwokota chatu porini ni kosa hata pale ambapo kufuga aliyezaliwa kizimbani kunaruhusiwa. Australia ina mpangilio wake: chatu wa kwao hufugwa kwa leseni ya jimbo, lakini wa kigeni hawaruhusiwi kwa mtu binafsi.

Kibali na kizimba

Mkaguzi hutazama zaidi uwezekano wa kutoroka. Nyoka wakubwa hutoka kwa kusukuma, si kwa ujanja: pua hupata mwanya, shingo hufuata, na mwili mzima huwa kabari. Kifuniko kilichowekewa tofali juu hakifai. Kinachotakiwa ni mlango wenye kufuli halisi la ufunguo, vioo vya kuteleza vikiwa na kufuli lao, na matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu kutoka nje. Chumba chenyewe kiwe kizuizi cha pili: mlango unaofungwa, hakuna pengo chini yake, madirisha yenye wavu, mabomba ya ukutani yamezibwa pembeni.

Carolina Kaskazini inadai kizimba kisichoweza kutorokwa, chenye kufuli na kibandiko cha kueleza kilichomo, pamoja na mpango wa maandishi wa kumkamata nyoka akitoroka, na mmiliki lazima atoe taarifa kwa vyombo vya dola mara moja akitoroka. Hata kama sheria yako haidai hayo, andaa karatasi hiyo moja na uibandike ukutani: nani apigiwe simu, mfuko na ndoano viko wapi, milango ipi ifungwe kwanza. Andika pia kwamba nyoka aliyezidi mita 2.5 hashikwi na mtu mmoja akiwa peke yake.

Maikrochipu, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kinachodungwa chini ya ngozi, hudaiwa sehemu nyingi kwa sababu chatu wawili wa rangi moja hawatofautishiki kwenye karatasi. Daktari wa mifugo aisome kabla ya kuidunga na baada ya kuidunga, na aandike tarakimu zote 15 kwenye cheti. Kosa la kawaida ni tarakimu moja kukosewa, na mnyama halali anaonekana kuwa mwingine.

Mpakani

Chatu, boa na anakonda karibu wote wamo kwenye viambatisho vya CITES. Kwa mnyama wa Kiambatisho II unahitaji kibali cha kusafirisha nje kutoka nchi anakotoka. Nchi nyingi hudai pia kibali cha kuingiza. Kibali cha kusafirisha nje hudumu miezi 6 tu tangu kutolewa, na ni lazima nakala halisi, fotokopi hukataliwa. Angalia pia herufi ya asili: C ni aliyezalishwa kizimbani, W ni wa porini. Herufi ikikosewa, kibali hakilingani na mnyama na anataifishwa.

Msamaha wa mizigo binafsi haumhusu mnyama hai, hata kama umekaa naye miaka kumi. Anayevuka mipaka mara kwa mara na nyoka wake aulizie hati ya umiliki ya CITES, ambayo hudumu hadi miaka 3. Ndege hufuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege: nyoka kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, mfuko ndani ya kreti imara yenye matundu ya hewa.

Ukishajikuta nje ya sheria

Usimwachie porini. Hilo ni kosa jingine kubwa kuliko la kwanza. Usimuuze haraka kwa mtu wa jimbo jingine pia, kwa kuwa usafirishaji wa mnyama aliyemilikiwa kinyume cha sheria hugeuza kosa dogo kuwa la ngazi ya taifa. Florida na Hawaii zina mipango ya kusalimisha wanyama bila kushtakiwa, ila huko Hawaii msamaha hutolewa kwa anayejitokeza kabla mamlaka hazijaanza kuchukua hatua. Sehemu isiyo na mpango kama huo, mtumie wakili azungumze na mamlaka kabla hujataja anwani.

Sheria mpya inapokuja, huwa na kifungu cha waliokuwa na wanyama tayari: wajiandikishe katika muda fulani na wabaki nao hadi wafe, bila kuzalisha. Muda huo hupimwa kwa siku au miezi michache. Risiti yenye tarehe na jina la kisayansi ndiyo itakayoonyesha kuwa ulikuwa naye kabla ya siku hiyo. Nyoka akifa, pata barua ya daktari yenye namba ya maikrochipu na uifikishe kwa waliotoa leseni, ili jina lake lifutwe. Ngozi usiiuze nje ya nchi bila kibali. CITES inaihesabu kama mnyama mwenyewe.