Kuhakiki kwa Futi Kamba Kama Vigingi Vitatu Vinaunda Pembetatu

Kabla ya kuchora kiwanja chochote hapa Tabora, mimi huhakiki kwanza kama vipimo vitatu nilivyoandika daftarini vinaweza kuunda pembetatu, kwani kosa likigunduliwa baada ya msingi kuchimbwa, atakayelipa ni mwenye kiwanja.

Hatua ya kwanza ni kupima umbali wa moja kwa moja kati ya kila vigingi viwili, kamba ikiwa imekazwa na kulala mlalo hata kama ardhi imeinama. Umbali wa kufuata njia haufai. Urefu wa reli kutoka Tabora hadi Kaliua, ukijumlishwa na ule wa Kaliua hadi Kigoma, hutoa urefu wa reli yote ya Tabora hadi Kigoma, hata ijipinde namna gani. Usawa huo hauthibitishi kwamba miji hiyo mitatu imo katika mstari mmoja.

Hatua ya pili ni kujumlisha pande mbili fupi na kulinganisha jumla hiyo na upande mrefu. Ikizidi, pembetatu ipo. Ikilingana, vigingi vimo katika mstari mmoja. Ikipungua, kuna kipimo kilichokosewa. Jozi nyingine hazihitaji kujaribiwa.

Safari moja daftari langu lilionyesha mita 18, 25 na 43.60. Jumla ya pande fupi ni 43, kwa hiyo pembetatu hiyo haiwezekani. Kamba yetu ilikuwa imekatika mwanzoni, nasi tulikuwa tukianzia kwenye alama ya mita 1. Katika upande wa mwisho tulisahau kuitoa mita hiyo. Kipimo sahihi kilikuwa 42.60. Lakini jaribio hili halikamati kila kosa: kama upande huo ungekuwa mita 30, tukauandika 31, lisingetuambia lolote.

Hatua ya tatu huhitajika pale jumla inapokaribia sana upande mrefu. Chukua mita 10, 20 na 29.98. Tofauti ni sentimita 2 tu, ambazo kamba iliyolegea kidogo huweza kuzila, ilhali kwa hesabu kigingi cha kati kimetoka nje ya mstari kwa takriban sentimita 52. Hapo siamini tena kujumlisha: hufunga uzi kutoka kigingi cha mwanzo hadi cha mwisho, nikaukaza, kisha nikapima kigingi cha kati kiko mbali kiasi gani na uzi huo.