Kabla ya Kufungua Jino: Mambo ya Kuzingatia Unaposoma Picha za Mizizi na Mifereji Yake

Kabla ya ganzi kuchomwa na kabla ya drili kuligusa jino, kuna kazi ya dakika chache ambayo huchangia sana kuamua kama tiba ya mzizi itafanikiwa au mgonjwa atarudi na uvimbe ule ule. Kazi hiyo ni kuisoma picha ya eksirei mpaka daktari aweze kusema, kwa sababu anazoweza kuzionyesha kwa kidole, jino hili lina mizizi mingapi, kila mzizi una mifereji mingapi (njia nyembamba za ndani zinazopitisha neva na mishipa ya damu), na mifereji hiyo inapinda wapi. Mfereji mmoja uliosahaulika unatosha kuhifadhi bakteria wa kulirudisha jipu, hata kama ile mingine imesafishwa na kuzibwa vizuri kabisa. Ninawaandikia hasa wenzangu wanaoanza kazi hii, kwa kuwa vitabu vya mwanzo huchora jino la wastani, ilhali kila anayeketi kwenye kiti huja na jino lake mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba picha inasomeka. Inapaswa kuonyesha jino zima pamoja na milimita 2 au 3 za mfupa kuizunguka ncha ya mzizi, na ipigwe kwa kishikizo kinachoiweka filamu au sensa sambamba na jino ili mizizi isirefushwe wala kufupishwa. Picha iliyokata ncha irudiwe, wala mtu asijaribu kukisia kilichokosekana. Ulizia pia picha za zamani, hasa zilizopigwa kabla jino halijavishwa taji la bandia, na utazame jino la upande wa pili wa taya, kwa kuwa maumbile yasiyo ya kawaida mara nyingi hujirudia pande zote mbili.

Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Ujerumani, alipojipiga picha ya meno mnamo Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wa eksirei, alilazimika kuvumilia mionzi kwa dakika 25. Siku hizi hutosha sehemu ndogo ya sekunde, lakini picha ya kawaida imebaki kuwa kivuli kilicholazwa juu ya kitu bapa: kina cha jino kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi hakionekani, na mifereji miwili iliyofuatana katika mstari huo husomeka kama mmoja. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Piga ya pili huku mashine ikisogezwa kwa mlalo kiasi cha nyuzi 20, kisha uzilaze mbili hizo pamoja na kuzilinganisha. Kanuni ambayo mtaalamu Clark aliieleza mwaka 1910 bado ndiyo mwongozo: kilicho upande wa ulimi husogea kuifuata mashine ilikoelekea, na kilicho upande wa shavu husogea kinyume chake. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni hii huona mizizi miwili mahali ambapo mwenzake anaona mmoja mnene.

Baada ya hapo, kaza macho kwenye mistari. Fuata kingo za mzizi kutoka shingoni mwa jino hadi nchani, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Ukiona mstari wa pili ukitembea sambamba na ukingo, au utando unaoushikilia mzizi ukijichora mara mbili, shuku mzizi wa ziada au mzizi wenye bonde ubavuni. Chukua gego dogo la kwanza la taya ya chini, lililo nyuma tu ya chonge, jino ambalo kwa maoni yangu huwatesa madaktari kuliko linavyostahili. Kwenye picha, mfereji wake hushuka mpana na mweusi, ukiufuata kwa ncha ya penseli hauna shida yoyote, kisha katikati ya mzizi unapotea ghafla kana kwamba umefutwa. Haujaziba. Mfereji unaozibwa na umri kwa kawaida huanza kusinyaa juu, karibu na taji (sehemu ya jino inayoonekana kinywani), na hupungua polepole. Ule unaokatika ghafla karibu kila mara umegawanyika kuwa miwili, na tawi la upande wa ulimi huchomoza kwa pembe kali kiasi kwamba faili iliyonyooka (kisindano cha kusafishia mfereji) hupita mlangoni pake bila kuligusa.

Mwaka 1984 mtafiti Vertucci alichapisha uchunguzi wa meno 2,400 yaliyofanywa kuwa angavu na kutiwa rangi, akaigawa mifereji katika aina 8: upo unaoanza mmoja na kumalizikia mmoja, ipo inayoanza miwili na kuungana, upo unaogawanyika na kurudi kuwa mmoja, na kadhalika hadi mitatu iliyojitenga. Kuzikariri aina hizo kuna faida ndogo kuliko kulijua kila jino kwa tabia yake. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na mzizi wake wa mbele upande wa shavu, katika zaidi ya nusu ya meno hayo, huwa na mfereji wa pili uliojificha upande wa kaakaa chini ya ukingo wa dentini (tishu ngumu inayounda sehemu kubwa ya jino). Panga kuutafuta katika kila jino la aina hii, hata picha isipouonyesha. Gego la kwanza la chini huweza kuwa na mzizi wa tatu, nyuma upande wa ulimi, na mzizi huo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Asia Mashariki. Gego la pili la chini ambalo mizizi yake imeungana au kukaribiana mno linaweza kuwa na mfereji wenye umbo la herufi C, ambao hauwezi kusafishwa kwa mbinu za mfereji wa duara. Meno ya mbele ya chini, madogo kama yalivyo, si mara chache huwa na mfereji wa pili upande wa ulimi. Jino la pili la mbele la juu hupindisha ncha yake kuelekea nyuma na kaakaani, tena ndilo linaloongoza kwa hali ya jino kukunjamana ndani ya jino, ambayo mtafiti Oehlers aliigawa katika aina tatu mwaka 1957.

Pima pia kina. Katika magego, paa la chumba cha kiini (uwazi wa ndani ya taji ambamo mifereji huanzia) huwa karibu milimita 6 chini ya vilele vya taji, na kipimo hiki husomeka vizuri zaidi kwenye picha ya kung'ata, inayoonyesha mataji ya meno ya juu na ya chini kwa pamoja. Kwa mgonjwa mwenye umri mkubwa paa na sakafu hukaribiana, na hapo drili iliyozoea kuhisi uwazi hutoboa sakafu. Katika jino la fahali, jina ambalo mwanaanatomia Keith alilitoa mwaka 1913, hali ni kinyume: chumba ni kirefu na milango ya mifereji iko mbali chini.

Usidanganyike na doa jeusi karibu na ncha za magego madogo ya chini, kwa kuwa huenda ni tundu la kidevu, uwazi wa kawaida wa mfupa unaopitisha neva. Ukisogeza mashine, tundu huhama kutoka nchani, lakini kidonda hubaki palepale.

Skani ya pande tatu ya eneo dogo iombwe pale picha mbili zimeacha swali linaloweza kubadilisha tiba. Vyama vya Marekani vya wataalamu wa tiba ya mizizi na wa radiolojia ya kinywa, katika tamko lao la pamoja la mwaka 2015, viliikubali kwa meno yanayoshukiwa kuwa na mifereji ya ziada au maumbile magumu. Hata hivyo, mionzi yake huzidi ya picha ya kawaida, na chuma kilichomo kinywani huweza kutia michirizi inayofanana na mfereji au ufa.

Mweleze mgonjwa ulichokiona na muda utakaohitajika, kisha andika kwenye faili lake idadi ya mifereji unayoitarajia. Panga tangu mapema kupiga picha nyingine ya mshazari wakati faili ya kwanza ikiwa ndani ya jino. Ikiwa faili hiyo haikai katikati ya mzizi bali imeegemea ukingo mmoja, rudi kwenye sakafu ya chumba, ambako rangi ya dentini ni nyeusi zaidi kuliko ya kuta, na utafute mfereji mwingine upande wa pili kabla ya kuziba chochote.