Kabla mtoto wa mbwa hajaugua ghafla: mambo ya kuzingatia

Mtoto wa mbwa hudhoofika haraka kuliko wengi wanavyodhani. Leo jioni anakimbizana na watoto uani. Kesho asubuhi amejikunyata pembeni, chakula hakitaki. Usiku anatapika povu la njano, na kukicha anaharisha damu yenye harufu kali. Kama ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na hajatibiwa, kifo mara nyingi huja ndani ya siku 2 au 3 tangu dalili zianze. Katika saa hizo chache mwenye mbwa anatakiwa ampate daktari, apate usafiri, apate fedha, na aamue mambo ambayo hajawahi kuyafikiria. Karibu yote hayo yanaweza kufanyika mapema, mbwa akiwa bado mzima, na naamini wengi tunaowapoteza tungewaokoa kama tungeyafanya wakati huo.

Anza na daktari, si dawa. Afisa mifugo wa mitaa yetu kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na wengi wanaifanya vizuri. Lakini kumwekea dripu mtoto wa mbwa wa kilo 2 aliyekwisha kuishiwa maji ni ujuzi mwingine. Mpigie sasa umuulize: unatibu mbwa? Unapatikana usiku na Jumapili? Una pa kumlaza mgonjwa, au utakuja nyumbani asubuhi na jioni? Una kipimo cha haraka cha parvo? Akisema hana, mwombe akutajie mwenzake aliye nacho. Hakikisha pia kwamba amesajiliwa, Tanzania na Baraza la Veterinari, Kenya na Bodi ya Veterinari. Aliye Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na aliye Nairobi ana kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Wengine tunategemea namba mbili tatu za simu, kwa hiyo ziandikwe ukutani ili hata dada wa kazi azione, si kwenye simu ya baba peke yake.

Usafiri nao usiuchukulie kirahisi. Madereva wengi wa bajaji na bodaboda hawapendi kubeba mbwa, hasa anayetapika. Zungumza mapema na mmoja anayekufahamu, mkubaliane kwamba hata saa 8 usiku unaweza kumpigia. Weka tayari boksi gumu lenye kitambaa ndani: linamtuliza mgonjwa, na linazuia matapishi yasibaki kwenye kiti atakachokalia mtu mwingine mwenye mbwa.

Kisha fedha. Matibabu ya ugonjwa wa namna hii si sindano moja, ni siku kadhaa za dripu, dawa za kuzuia kutapika na uangalizi. Muulize daktari gharama ya siku moja ya kumlaza mbwa, uanze kuweka akiba kidogo kidogo. Na mzungumze nyumbani: nani ana kauli ya mwisho? Fedha ikipungua siku ya tatu, tunaendelea au tunasimama? Kuna atakayesema "ni mbwa tu". Sikubaliani naye hata kidogo. Kiumbe uliyemleta nyumbani mwenyewe ana haki ya kutibiwa. Lakini ni afadhali ubishi huo umalizike mezani leo kuliko kuzuka mbele ya mgonjwa.

Juu ya chanjo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Virusi vya parvo vilitambuliwa mwaka 1978, na ndani ya miaka michache vilikuwa vimeenea duniani kote. Ni vigumu sana kufa: hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Ndiyo maana kusema "wangu hajawahi kutoka getini" hakusaidii, kwani vinaingia na soli za viatu vyako. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya kwanza kupitia dang'a la mama yake. Kinga hiyo humlinda wiki za mwanzo, lakini hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu itakwisha lini. Kwa sababu hiyo hachanjwi mara moja. Huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Aliyepata moja akiachwa hapo hana uhakika wowote.

Muuzaji akikuambia "ameshachanjwa", omba kadi yenye tarehe na jina la chanjo, tena isome. Wengi husikia neno hilo kumbe mbwa alipata chanjo ya kichaa cha mbwa tu, ile inayotolewa kwenye kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Hiyo ni ya lazima na inaokoa maisha ya watu, lakini haizuii parvo wala distempa, ule ugonjwa unaoanza kwa makamasi na matongo na kuishia kwenye degedege. Halafu kuna suala la baridi. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikinunuliwa kwenye duka la dawa za mifugo ikazungushwa mfukoni mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam, haitegemeki tena, hata kama mbwa amechomwa sindano mbele ya macho yako.

Mjue mbwa wako akiwa mzima. Mpime uzito kila wiki, uandike. Inua mdomo wake utazame fizi: ziwe za waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole, ziwe nyeupe, kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 hadi 39, si 37 kama letu, na hupimwa njia ya haja kubwa. Aliyezoea kuona hivyo atashtuka mapema fizi zikipauka, na hapo huenda tatizo si parvo bali minyoo ya safura inayomnyonya damu, au homa ya kupe, hasa mkojo ukiwa mwekundu au wa kahawia. Dawa ya minyoo huanza mapema, akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi mpaka afikishe miezi 6.

Vifaa vya nyumbani si vingi: kipimajoto chake mwenyewe, bomba la sindano lisilo na sindano, glavu, taulo kuukuu, paketi za ORS, asali au glukosi, jiki, na daftari la kuandika alitapika saa ngapi na alikunywa nini. ORS ni ya anayeweza kunywa na kitu kikakaa tumboni. Anayetapika kila anachokunywa anahitaji maji ya mshipani, na kuendelea kumlazimisha nyumbani ni kupoteza muda wake. Asali ni ya mtoto mdogo aliyelegea na kutetemeka kwa sababu sukari imeshuka: mpake kidogo kwenye fizi huku mkiwa njiani kwenda kwa daktari.

Na sasa vya kutompa. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kumuua au kumharibu figo, ini na tumbo. Vidonge vya kuhara vilivyobaki kabatini navyo viache, maana kipimo cha mtu mzima si cha mnyama wa kilo 2. Kuhusu sumu, naomba tuelewane: ile desturi ya kummiminia maziwa, mafuta ya kula au mayai mabichi mbwa aliyekula sumu ya panya haiondoi sumu. Aliyelegea hawezi kumeza vizuri, kinachomiminwa huingia mapafuni, na anayenusurika na sumu anaweza kufa kwa nimonia. Chukua pakiti au kopo la hiyo sumu, nenda nalo kwa daktari.

Chagua mapema chumba cha kumtenga, chenye sakafu ya saruji au vigae, na mtu mmoja wa kumhudumia. Kinyesi na matapishi vifutwe kwanza, sakafu ioshwe kwa sabuni, ndipo ipakwe jiki, kikombe 1 kwa vikombe 20 hivi vya maji, ikae dakika 10. Ukimwaga jiki juu ya uchafu au kwenye udongo, haina nguvu.

Kuna dalili moja inayobadilisha kila kitu. Kama anayumba, anatokwa mate mengi, taya limelegea, hamezi, au amekuwa mkali ghafla, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na watoto wa mbwa nao huupata. Mfungie, piga simu. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Wengi wanaofikishwa mapema na kupata matibabu kamili ya parvo hupona, na aliyepona hubaki na kinga ya muda mrefu. Ila si wote. Muulize daktari, kabla haijafika huko, atajuaje kwamba mgonjwa anateseka bila matumaini, na huwa anawapumzishaje, yaani kuwaua bila mateso. Ni kwa sindano ya usingizi, bila maumivu. Mtu wa familia anaruhusiwa kukaa naye. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno yao. Wakiambiwa "ametoroka", watamngojea.

Akifa, azikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima, na kama kulikuwa na shaka ya kichaa, ofisi ya mifugo ijulishwe kabla ya kumzika. Vyombo vyake vya plastiki na matandiko vichomwe au vitupwe. Msichukue mwingine mdogo wiki inayofuata kwa ajili ya kuwafariji watoto, maana uani bado mna virusi vilevile. Mkitaka kulea tena mwaka huo, tafuteni mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo, au mwacheni mtoto mahali alipozaliwa mpaka apate ya wiki 16 na zipite wiki 2 nyingine ndipo aletwe.